Taa ya Mama Gesti

Nilichokiona kwanza ni kwamba shemeji aliishika taa kwa kioo. Mtu anayezijua taa za chemli huzishika kwa mkono wa waya, au kwa tangi lake chini. Kioo hakishikwi, maana kimebanwa na waya mwembamba tu, na kikishapata masizi ya miaka kinateleza kama sabuni. Yeye aliikumbatia kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake, akaipindua kichwa chini, akapuliza vumbi likamrudia machoni, kisha akasema kwa ile sauti yake nene ya wateja:

"Mama, mfumo wa hii taa umekufa. Lakini umefika kwa mwenyewe."

Kwa shemeji kila kitu kina mfumo. Pasi ina mfumo, jiko la mafuta lina mfumo, redio ndiyo usiseme. Hata choo chetu kilipoziba alisema mfumo umegoma, akamwita mtu wa kuja kuzibua, halafu akasimama mlangoni na mikono kiunoni kumwelekeza. Huvaa koti jeupe kama la daktari, na mfukoni huchomeka bisibisi mbili, ndogo na kubwa, kama wenzake wanavyochomeka kalamu. Kwa miaka mitatu niliyokaa kwake na mkewe, dada yangu, sikuwahi kuziona zile bisibisi zikitoka mfukoni, ila siku ya kufua koti. Mtaa mzima unamwita Profesa. Walianza kwa kumkejeli, yeye akapokea kama cheo.

Mwenye taa alikuwa mama mmoja mnene, mwenye gesti ya vyumba kumi na viwili karibu na stendi. Watu humwita Mama Gesti. Alikaa bila kukaribishwa, kwenye kiti cha shemeji mwenyewe, akasema alichokuja kusema.

"Ninazo ishirini na tatu kama hii. Aliziacha baba mkwe wangu. Umeme siku hizi unakatika ukijisikia, na wageni wamechoka kudondokewa na nta ya mishumaa. Nataka fundi. Si fundi wa kupita, nataka wa kukaa. Kule nyuma nina chumba nilichokuwa naweka magodoro. Kina dirisha, kina meza, kina komeo kwa ndani. Atakayeifufua hii moja, taa zote ni kazi yake na chumba ni chake. Jumamosi saa kumi jioni nataka niione inawaka barazani kwangu."

Mimi nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya kaunta nasugua tako la pasi. Katika maneno yote yale nilisikia moja tu: komeo. Kwa ndani.

Mahali nilipokuwa nalala ni ujia kati ya karakana na nyumba ya dada. Upande mmoja redio zilizokufa, upande mwingine majiko yanayosubiri wenyewe. Kila alfajiri shemeji alinivuka akienda uani. "Bubu, kunja miguu." Bubu ni mimi. Alinibatiza hilo jina wiki ya kwanza, nilipomwamkia kwa sauti ndogo hakusikia, na tangu hapo dada naye akalizoea. Mimi si bubu. Watu wakiwa wengi maneno hunikwama tu, na yakishakwama shemeji hujaza nafasi yote.

Mama Gesti alipoondoka shemeji alijipiga kifua.

"Umeona, mke wangu? Jina limenifikisha gesti! Hicho chumba tutakifanya stoo. Haya makopo yote yanahamia kule."

"Na taa nani atazitengeneza?" dada aliuliza.

"Bubu atakuwa anakwenda na kurudi."

Usiku nilijikaza, nikamfuata dada jikoni. "Dada, si ningekaa mimi kwenye kile chumba?"

Alinitazama kama nimeomba kuolewa na mfalme. "Ukae peke yako, wewe? Salamu tu unaitikia kwa kichwa! Mteja akija utamwambia nini? Hebu mwache shemeji yako apange, yeye ana mdomo."

Kweli alikuwa na mdomo. Ndicho kifaa pekee alichokuwa nacho mle karakanani.

Jumatatu nikaifungua taa. Ilikuwa taa nzuri, nzito, ya bati la zamani lisilobonyea kwa kidole. Niliinua kofia yake kwa kile kipete cha juu, nikatoa kioo, nikakifuta kwa gazeti kavu. Masizi hayaanzwi kwa maji. Ukianza kwa maji unayageuza lami. Gazeti likifika mahali halitoki jeusi tena, ndipo unaleta majivu laini na sabuni. Kioo kilipokauka nilikitazamia dirishani, nikaona ndani yake kiputo kidogo cha hewa kilichobaki tangu kilipotengenezwa. Nikakifunga kwa kitambaa, nikakiweka juu kabisa mahali ambapo shemeji hawezi kukifikia bila ngazi. Ngazi hapandi, ana kizunguzungu.

Kinywa cha utambi kilikuwa kimeganda kwa mafuta ya miaka, kile kigurudumu cha kupandishia utambi hakizunguki hata kwa koleo. Nilikichemsha na magadi kwenye sufuria lililokatika mkono, nikamwaga maji meusi mara tatu, mpaka kikaanza kusogea, kwanza kwa kulialia, baadaye kimya.

Shemeji alikuwa kitini anasoma gazeti la wiki iliyopita. "Bubu, zingatia mfumo," alisema bila kuinua macho.

Sehemu iliyonichukua muda ni ile mirija miwili ya pembeni. Watu wengi hudhani ni mapambo, au ni ya kushikia tu. Kumbe taa inapumua kwa humo. Hewa hushuka kwa mirija kwenda kulisha moto, na ikiziba, moto unavuta pumzi kama mgonjwa wa pumu na kioo kinakuwa cheusi kabla hujakaa chini. Nilipochungulia sikuona mwanga upande wa pili. Nyigu walikuwa wamejenga humo, udongo mgumu kama tofali. Nilichukua spoki ya baiskeli, nikaipinda ncha, nikakwangua mpaka jioni. Udongo ukawa unatoka vipande vipande, vyenye uvungu kama vyungu vya watoto vya kuchezea, na ndani ya kila kimoja kinyigu kilichokauka.

"Uchafu gani huo mezani?" shemeji aliuliza.

Nikamwonyesha mrija kwa kidole.

"Aa, hiyo mikono ya taa haina kazi. Pitisha kitambaa nje ing'ae, inatosha. Mteja anatazama nje."

Nikaendelea kukwangua. Dada alipita na beseni la nguo, akasema, "Msikilize shemeji yako." Na huyo shemeji tangu asubuhi hakuwa amesema jambo la kusikilizwa.

Kutu niliitoa kwa msasa laini uliolowa mafuta ya taa. Kwenye makalio ya tangi nikakuta kitundu. Hapo nilimkumbuka baba. Baba alikuwa fundi bati, na nilipoacha shule darasa la tano nilikaa naye miaka minne, namshikia bati, nampulizia makaa, mpaka alipofariki dada akaja kunichukua. Baba hakuwa na koti jeupe. Alikuwa na makovu. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba tangi la mafuta haliguswi na moto kabla halijaoshwa kwa maji ya moto na sabuni na kukaa juani siku mbili, la sivyo linakulipukia usoni. Nikaliosha, nikalianika Jumanne na Jumatano. Shemeji akawa anawaambia wateja kwamba ameiweka taa "kwenye matibabu ya jua".

Alhamisi alfajiri nilipasha chuma kwenye makaa nikalehemu. Kisha nikafanya kama baba alivyokuwa akifanya: nikaloweka chaki, nikapaka mahali palipolehemiwa pakawa peupe, chaki ilipokauka nikatia mafuta ya taa ndani, nikaiacha taa juu ya vijiti viwili. Maji hayapiti kwenye tundu dogo sana, mafuta hupita. Tundu ambalo jicho halilioni, chaki inaliona. Saa nne nikakuta doa la kijivu, dogo kama chembe ya ulezi. Nikamwaga mafuta, nikaosha upya kwa maji yanayochemka na sabuni mara tatu mpaka harufu ikaisha, maana siku mbili za jua sikuwa nazo tena, nikaanika, nikalehemu upya mchana, nikapaka chaki upya, nikaiacha mpaka Ijumaa saa sita. Chaki ikabaki nyeupe pe! Nilikaa kuitazama kama mtu anayetazama picha yake mwenyewe. Nikamwaga mafuta, nikafuta ndani kwa kitambaa nilichokizungushia spoki, nikarudisha kioo. Taa ilikuwa tayari. Ilikuwa imebaki kutiwa utambi mpya, kuwekwa mafuta na kuwashwa tu.

Ijumaa hiyo jioni, kabla jua halijazama, kinyozi wa jirani akaja na kikombe chake cha chai. Kinyozi huja kila jioni kumchokoza shemeji, na shemeji hudhani anakuja kuchota elimu.

"Profesa, hiyo taa umeivalisha hivyo unaipeleka kuposa?"

"Cheka tu. Hii kazi huwezi kuielewa. Hapa pamelehemiwa, unaona? Kwa chini. Hiyo lehemu si ya mchezo."

"Umelehemu wewe?"

"Sasa alehemu nani, wewe na mkasi wako?"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo, mikononi nina alama mbili za moto mbichi kabisa. Kinyozi akanitazama mikono, akamtazama shemeji, akanywa chai.

"Haya, na ukiweka mafuta yakavuja ukaunguza gesti ya watu?"

"Ivuje?" Shemeji akasimama. "Ngoja nikuonyeshe majaribio ya kitaalamu. Bubu, lete maji!"

Nikabaki nimesimama.

"Maji, nimesema! Mtoto huyu masikio yake nayo mfumo umekufa."

Nikaleta kopo la maji. Alifungua kinywa cha utambi, akamimina maji mpaka yakafurika mezani, akainua taa juu ya kichwa cha kinyozi.

"Tone liko wapi? Lionyeshe! Hata jasho hakuna!"

"Kweli haivuji," kinyozi alisema, akisogea pembeni kidogo. "Lakini Profesa, taa si inakula mafuta?"

"Kisichovujisha maji hakivujishi chochote. Hiyo ni sayansi."

Akaipindua, maji yakamwagika sakafuni, akaitikisa mara tatu kama anayekung'uta mkeka, akaifunga. Halafu akatoa mfukoni karatasi ya kunata aliyochapisha mjini, imeandikwa PROFESA UFUNDI WA KISASA na namba yake ya simu, akaibandika kwenye tangi nililolisugua siku tano. Tena akaibandika kombo.

"Bubu, iweke rafuni. Na usiichezee tena, mikono yako michafu."

Nikaiweka rafuni.

Jumamosi jua liliwaka tangu asubuhi. Saa tisa na nusu tukatoka, shemeji mbele na koti lake lililopigwa pasi, dada katikati amebeba taa ndani ya kitambaa cheupe, mimi nyuma na chupa ya mafuta niliyotumwa kununua. Njiani shemeji alikuwa anafanya mazoezi ya hotuba. Tulipishana na mwenye duka la dawa, akamwambia, "Tunakwenda kukabidhi mradi." Mradi! Taa moja.

Barazani kwa Mama Gesti palikuwa na wageni wanne wanakunywa soda na mpishi aliyekuja kuchungulia. Nilimwamkia Mama Gesti, akaitika na kunitazama kidogo, kisha shemeji akajaza nafasi.

"Mama, wageni waalikwa," alianza, na hakuna aliyekuwa amealikwa, "taa hii ilikuja kwangu ikiwa maiti."

Alieleza mirija. Alisema aligundua mdudu amejenga humo. Alieleza magadi, alieleza chuma na makaa. Kila nilichokifanya kilipita kinywani mwake, tena kwa mpangilio mbovu, msasa ukaja kabla ya kutu. Dada alikuwa anatikisa kichwa kila baada ya sentensi kama anayeitikia sala. Mgeni mmoja akapiga miayo.

"Iwashe, baba," alisema Mama Gesti.

Shemeji akamimina mafuta kutoka kwenye chupa yangu, akapitisha utambi mpya, akalowesha ncha yake kwa mafuta, akasubiri kidogo huku akiendelea kusema, akawasha kiberiti. Taa ikashika. Moto ukasimama wa manjano, mpana, umetulia ndani ya kile kioo, na kwa muda wa kuhesabu labda hadi sitini hata mimi nilisahau tuko wangapi pale.

Kisha ikaanza: pwata. Pwata pwata. Moto ukatema cheche, ukasinyaa, ukawa wa buluu, ukaruka juu kama aliyeshtuliwa, ukazima. Ukabaki moshi mwembamba na harufu.

"Ni upepo," shemeji alisema.

Hapakuwa na upepo. Hata kitambaa cha meza hakikutikisika. Akawasha tena. Pwata, ikazima. Akawasha mara ya tatu, ikakataa kabisa. Mpishi akacheka, akajifanya anakohoa.

"Ni utambi. Siku hizi tambi zinatengenezwa ovyo." Akainyanyua chupa. "Ni mafuta! Mama, hawa wauza mafuta wanachanganya maji! Na huyu," akanigeukia, kidole kimefika karibu na pua yangu, "huyu ndiye niliyemtuma. Bubu, ulinunua wapi takataka hii? Umeniaibisha mbele ya watu!"

"Anaitwa Bubu?" Mama Gesti aliuliza.

"Ndiyo, hasemi. Ana matatizo kidogo."

Wote wakanigeukia. Nilisikia masikio yangu yakipata moto. Nikajua nikijaribu kusema nitatoa sauti kama ya mlango. Lakini mikono haikuniambia hivyo. Nikaenda mezani, nikachukua glasi mbili tupu za wageni, nikazifuta kwa kitambaa cheupe cha dada. Glasi ya kwanza nikaimiminia mafuta kutoka kwenye chupa. Nikainyanyua kwenye mwanga. Yalikuwa safi, kitu kimoja juu mpaka chini. Nikaiweka mbele ya Mama Gesti.

Kisha nikafungua taa, nikatoa kinywa cha utambi, nikaipindua polepole juu ya glasi ya pili, nikiizungusha ili na kilichojificha kwenye mabega ya tangi kitoke. Nikainyanyua. Katikati ya glasi palikuwa na mstari kama uliochorwa kwa rula. Juu mafuta, chini maji, vidole viwili vya maji. Nikaiweka kando ya ile ya kwanza.

Mama Gesti akavaa miwani. Akatazama glasi ya chupa, akatazama glasi ya taa.

"Kwa hiyo mafuta ni mazima," alisema. "Maji yalikuwemo ndani ya taa. Utambi umenywa maji." Akainua uso. "Nani alitia maji humu?"

Nilimtazama dada. Sikumwomba kitu, nilimtazama tu. Yeye alikuwepo Ijumaa jioni. Alikuwa dirishani anachambua mboga, aliona kila kitu, hata aliguna maji yalipomwagika maana yeye ndiye angepiga deki.

"Ni huyu mdogo wangu," dada alisema. "Alikuwa anaisuuza. Yeye kazi yake ni kuosha vioo tu, mama, ufundi ni wa mume wangu. Umsamehe, ni mtoto."

Nina miaka kumi na tisa.

Mama Gesti aliichukua taa, akaipindua, akapitisha kidole kwenye lehemu. "Na hapa chini? Hii ni kazi ya mtu anayejua. Nani amelehemu?"

"Mimi, mama," alisema shemeji, haraka kama mtu anayedaka chenji.

"Hongera. Ulijuaje kwamba haivuji?"

Na shemeji, ambaye hajawahi katika maisha yake kuliona swali akaliacha lipite, akavuta koti lake chini, akapata tena ile sauti nene.

"Kwa majaribio ya kitaalamu, mama. Nilijaza maji mpaka juu. Hata tone halikutoka! Muulize kinyozi, nilimnyanyulia juu ya kichwa chake..."

Akanyamaza. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza anajisikia akisema. Mpishi safari hii hakukohoa, alicheka wazi, akashika mlango. Mgeni aliyekuwa anapiga miayo akaamka kabisa. Dada alikunja kile kitambaa cheupe, akakikunjua, akakikunja tena.

"Aha," alisema Mama Gesti. Akanigeukia mimi. "Na wewe, mwosha vioo. Wewe ungejuaje haivuji?"

Watu wanane. Niliwahesabu.

"Chaki," nilisema.

"Nini?"

"Unapaka chaki. Unatia mafuta ya taa. Si maji. Chaki ikibaki nyeupe, haivuji."

Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyowahi kusema mbele ya watu, na yalitoka madogo, lakini yalitoka.

"Iwashe," alisema.

Nikatia mafuta kidogo tangini, nikayazungusha, nikayamwaga, nikarudia mara nne mpaka glasi haikuonyesha mstari tena. Nikafuta ndani kwa kipande cha kitambaa na njiti ndefu aliyonipa mpishi. Nikakata nusu ya chini ya utambi, ile iliyolewa maji. Nikatia mafuta, nikasubiri yapande. Nikawasha. Tulikaa barazani mpaka soda za wageni zikaisha, na moto haukutikisika.

"Chumba kiko nyuma," Mama Gesti aliniambia. "Njoo kesho na nguo zako. Na hii karatasi ya simu ibandue, inaharibu taa."

"Mama, huyu nimemfundisha mimi," alisema shemeji.

"Basi umemaliza kumfundisha."

Sasa ni mwezi wa nne niko humu. Dirisha linatazama kamba za kuanikia mashuka, meza ni ya mninga, komeo ni la chuma na nilipofika nililitia mafuta lisikwaruze. Taa kumi na tisa zimeshawaka. Nne zimebaki, moja mirija yake imeoza, nasubiri bati. Nasikia shemeji anawaambia wateja wake kwamba ana tawi gestini.

Jumapili iliyopita dada alikuja. Aliniletea gauni langu nililosahau. Alikaa kitandani, akatazama ukuta, akatazama taa zilizopangwa, akalitazama komeo.

"Mdogo wangu, ile siku ulimi uliniteleza."

Ulimi wake haukuteleza. Ulikwenda moja kwa moja ulikotumwa. Nikammiminia chai.

"Unajua shemeji yako alivyo. Nisingesema vile nyumbani pasingelalika." Akanywa kidogo. "Lakini ona Mungu alivyokupangia. Yale maji yalijibakiza yenyewe tu, hakuna aliyejua yamo. Na hata ungejua, maskini, ungeshindwa kufungua mdomo. Aibu yako hiyo nayo!" Akacheka, akanipiga begani kama zamani.

Nikatikisa kichwa kukubali. Akamaliza chai, akaenda zake, nami nikafunga komeo.

Dada, Ijumaa ile nilipoichukua taa kuiweka rafuni niliitikisa karibu na sikio langu. Maji yakasema chubwi. Nilikuwa na spoki, nilikuwa na kitambaa, kesho yake nilikuwa na jua tangu asubuhi hadi saa tisa. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Na hata chumba ningeweza kukikosa kwa ajili ya hilo, nilijua, na bado nikairudisha rafuni na maji yake, nikaenda kulala, nikalala vizuri. Nilitaka mumeo azungumze mpaka mwisho, mbele ya watu, halafu taa izime. Siku ile sikunyamaza kwa aibu.